Baada ya Fundi Kuokoka

Ungeingia katika kanisa lile Jumapili yoyote ukauliza ni nani hapa anayejua mambo yote, ungeonyeshwa mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, anayekaa benchi la pili upande wa madirisha. Jina lake halisi wengi walishalisahau. Mchungaji aliwahi kusema katika mahubiri kwamba mama huyu ni nguzo ya kanisa, na tangu siku hiyo akaitwa Mama Nguzo, hata na watu wasiojua jina lilikotoka. Nyimbo aliziimba bila kitabu. Alijua nani kafiwa, nani kajifungua, nani kanuna na kwa nini. Alijua mahubiri yanakaribia kwisha kwa kumtazama tu mchungaji anavyoikunja miwani yake. Akiombwa afungue kikao kwa sala, hakuhitaji kujiandaa. Maneno yalimtoka yamenyooka kama shuka lililotoka kwenye pasi, na watu waliitikia amina mahali palepale pa siku zote.

Na kwa mashuka alikuwa bingwa. Alisimamia chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, chumba chenye joto la kumtoa mtu jasho hadi kwenye nyayo, na mashine tatu zinazonguruma kutwa. Mashuka ya wodini yalishuka kwenye matoroli yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa mgonjwa unaweza kutoa, naye na wenzake wakiwa na glavu waliyachambua, wakayaloweka kwenye dawa, wakayafua, wakayakausha, wakayarudisha juu meupe na ya moto. Alijivunia kazi hiyo. Alikuwa akiwaambia wageni wa idara yake kwamba humu ndani hakuna cha kuona kinyaa, kuna cha kufua tu.

Kitu kimoja tu kilimpungukia, nacho ni mume wake. Fundi, maana hata watoto wake mwenyewe walimwita hivyo, alikuwa mtengenezaji wa majokofu, mtu mpole, mcheshi, asiye na ulevi wala mambo ya pembeni. Ila kanisani hakanyagi. Kila Jumapili alimpakia mkewe kwenye pikipiki mpaka getini, akamsubiri anyooshe gauni, akasema, "Wasalimie huko," kisha akageuza kuelekea karakana yake. Mambo yalikwenda hivyo tangu mapacha wao wawili wakiwa wachanga mpaka wakaolewa wote.

Kwa hiyo kila Ijumaa, akina mama walipokutana kuomba, ombi la Mama Nguzo lilikuwa lilelile: Bwana, mkumbuke mume wangu. Lilizoeleka kiasi kwamba Ijumaa moja alipokosa kufika kwa sababu ya mafua, wenzake waliliomba kwa niaba yake bila mtu kulitaja, kama vile limo kwenye ratiba. Mwenyewe aliposimuliwa alicheka sana. Hakufikiri kulikuwa na jambo lolote la kufikiri hapo. Alikuwa na amani, watu walimheshimu, na aliamini kwamba kama mbinguni kuna foleni, yeye atapitishwa pembeni.

Mambo yalianza kubadilika friji la jiko la kanisa lilipoharibika. Fundi aliitwa, naye hakuwa na neno na kanisa linapokuja suala la kazi. Alifika Alhamisi jioni akiwa na mfuko wake wa vifaa na mtungi wa gesi, akakuta ukumbini watu wanajifunza Neno, na mlango kati ya jiko na ukumbi haufungiki vizuri. Wakamwomba asiwashe mashine mpaka wamalize. Basi akaketi juu ya kreti tupu la soda, spana mkononi, akasikiliza kwa kukosa la kufanya. Walikuwa wanasoma habari ya yule mgonjwa aliyelala kando ya bwawa miaka na miaka, na Yesu akamuuliza kama anataka kupona.

Baadaye alimweleza mkewe kwamba mwanzoni aliliona swali hilo halina maana. Nani amelala mgonjwa miaka yote hiyo halafu asitake kupona? Lakini lilimganda. Alifungua kompresa likiwemo kichwani, akajaza gesi likiwemo, akarudi nyumbani nalo na hakumwambia mtu. Jumapili iliyofuata, badala ya kugeuza pikipiki getini, aliizima, akaifunga kufuli, akamfuata mkewe nyuma. Mama Nguzo hakujua mpaka alipoona watu wanageuza vichwa. Na mchungaji alipoita wanaotaka kumpokea Bwana, Fundi alikwenda mbele na mikono yake yenye mafuta yasiyotoka kwa sabuni yoyote, akapiga magoti.

Vigelegele vilipasua paa. Mama Nguzo alilia mpaka kilemba kikalowa. Moyoni alihisi kazi imekwisha, kama mtu anayefunga kabati baada ya kupanga nguo ya mwisho. Alishaanza kumpigia hesabu ya suti na kumwona amekaa kando yake benchi la pili, amemfungulia ukurasa, wanaimba pamoja.

Suti Fundi aliikubali. Shida ilikuwa kwamba alilichukua Neno kama anavyochukua mashine. Alilifungua akaangalia kila kipande kina kazi gani, na kama kipande kilitakiwa kuzunguka, alitaka kizunguke. Wiki ya kwanza alimrudia mteja mmoja akamwambia kwamba gesi aliyomjazia haikuwa kamili, akaimalizia bure. Wiki ya pili aliacha kutukana karakanani, mafundi wenzake wakadhani anaumwa. Kila asubuhi aliamka kabla ya mkewe, akaketi mezani na chai yake na penseli nyuma ya sikio, akasoma kwa midomo inayocheza. Mama Nguzo alipotoka chumbani, swali lilikuwa linamsubiri.

Jumamosi moja alimuuliza, "Mama watoto, hapa Bwana anasema mtu akiomba aingie chumbani afunge mlango. Wewe huwa unaombea wapi?"

Mama Nguzo alikuwa anakoroga sukari. Akamjibu kwamba yeye huomba popote, akitembea, akiwa kazini, moyoni tu. Fundi akaitikia kwa kichwa, akaandika alama ndogo kwa penseli, akamwamini. Na kule kumwamini ndiko kulikomkera mkewe kuliko kama angembishia, maana kazini, kwenye ule mngurumo wa mashine tatu, alichokuwa akiwaza moyoni ni sabuni, zamu na nani kachelewa.

Maswali hayakuisha. Kufunga ni vipi? Adui anaombewaje kama humpendi? Mama Nguzo alikuwa na majibu ya kila kitu, ya tangu shule ya Jumapili, lakini Fundi hakuridhika na jibu, alitaka kuonyeshwa. Ikafika mahali akisikia kiti cha mezani kinavutwa alfajiri, alijifunika shuka mpaka kichwani. Alikwenda hata kwa mchungaji kulalamika. Mchungaji akacheka, akakiri kwamba hata yeye Fundi alishamtembelea mara mbili, na mara zote mbili ilibidi arudi kwenye vitabu vyake usiku huo. Mama Nguzo akatoka pale amekunja uso zaidi ya alivyoingia.

Kisha likaja swali la dada.

Fundi aliuliza kwa upole, bila kuinua macho. Alisoma mahali panaposema mtu akikumbuka ana ugomvi na nduguye, aiache sadaka yake palepale aende kupatana naye kwanza. "Sasa wewe na dada yako," akasema, "mmeongea lini mara ya mwisho?"

"Hilo lina tafsiri yake," Mama Nguzo akajibu.

"Ipi?"

Akainuka akaanza kutoa vyombo ambavyo havijatumika. "Umeokoka juzi tu, baba watoto. Leo unataka kunifundisha mimi?"

"Sikufundishi," Fundi akasema, na sura yake ilikuwa safi kabisa. "Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayejua."

Alikwenda kazini siku hiyo akawapigia watu makelele bila sababu, mpaka msaidizi wake akamuuliza kama sukari imepanda.

Habari ya dada yake ilikuwa hivi. Mama yao mzazi aliugua muda mrefu kabla ya kufariki, akiwa kwa huyo dada, ambaye ni mshonaji na hushonea nyumbani kwake. Dada ndiye aliyemgeuza mama kitandani, akamwosha, akamlisha, akafua. Mama Nguzo alikuja mara kwa mara, akasimama mlangoni mwa chumba, akaomba sala ndefu nzuri, akaaga. Baada ya mazishi, ndugu wakiwa bado wamekaa sebuleni, dada alisema mbele ya wote kwa sauti ya kawaida tu: "Mama alikuwa anataka kuoshwa. Wewe ulikuja kuomba." Mama Nguzo alichukua mkoba wake akaondoka, na tangu hapo hakurudi. Aliwaeleza watu kwamba dada yake ana ulimi mbaya. Hakuna aliyemuuliza zaidi, maana nguzo haiulizwi.

Lililomvunja hasa, hata hivyo, halikuwa swali la dada. Jioni moja walikuwa jikoni, yeye anaosha vyombo, Fundi anafuta. Fundi akamuuliza zamani alipokuwa akimwombea alikuwa anasema nini. Mama Nguzo akamwimbia sala yote, kwa sauti yake ile ya Ijumaa, hata na mahali pa kushusha pumzi.

Fundi akasikiliza mpaka mwisho. "Ni nzuri," akasema. "Na ulikuwa unategemea nitaokoka kweli?"

Mama Nguzo alifungua mdomo. Mwanamke aliyeombea harusi, misiba, mitihani na mikutano ya kamati alisimama na sahani mkononi, maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Mwanzoni, ndiyo," akasema mwishowe. "Mapacha wakiwa wadogo. Nilikuwa nalia kabisa. Baadaye..." Akaiweka sahani. "Baadaye nikazoea kuomba. Ungeendelea kutokuja, nadhani nisingeshangaa."

Alisubiri akasirike. Fundi alifuta kikombe ndani na nje, akafikiri. "Basi Mungu alifanyia kazi zile za mwanzoni," akasema, wala hakuwa anatania.

Mama Nguzo akacheka bila kutaka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Mume wake hakujua afanye nini. Alimshika bega kwa mkono wenye kitambaa cha vyombo, akakaa hivyo mpaka kikapita.

Kesho yake yeye ndiye aliyetangulia kuamka. Aliingia katika chumba cha zamani cha mapacha, chenye vitanda viwili vitupu na masanduku, akafunga mlango, akapiga magoti. Maneno yakaja yenyewe. Aliyasikia yakija, yamekunjwa tayari, moja juu ya jingine, Baba wa rehema, tunakushukuru kwa siku hii njema, na kwa mara ya kwanza maishani akajikatiza katikati. Akaanza upya. Yakaja yaleyale. Akanyamaza.

Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani. Magoti yaliuma. Nje jogoo na redio ya jirani vilishindana. Wala hakuona mwanga wala kusikia sauti. Alichokiona ni ule mlango wa chumba cha mama yake, na kitanda upande wa pili, na yeye amesimama kizingitini hataki kuvuka. Aliuangalia mlango huo muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, si ile ya kanisani, "Bwana, nimekuzoea."

Alibaki pale amepigwa na butwaa kwa maneno yake mwenyewe. Yalikuwa kweli tupu. Alimzoea kama watu wanavyomzoea mlinzi wa getini, unampungia mkono kila asubuhi na ukiulizwa sura yake huijui. Akalia tena, lakini safari hii alijua analilia nini. Na alipoinuka, alijua pia anakwenda wapi. Alikuwa mwanamke wa vitendo. Jambo likishamkaa sawa kichwani, halikulala hapo.

Fundi alijitolea kumpeleka. Akamkatalia. Jumamosi asubuhi akavaa nguo ya kawaida, bila kilemba cha kanisani, akaenda peke yake hadi upande wa pili wa mji.

Dada alikuwa ameketi nyuma ya cherehani karibu na dirisha, mguu mmoja umenyooshwa kwa sababu ya goti, pini zimebanwa midomoni. Alikuwa amezeeka. Alimtazama mdogo wake aliyesimama mlangoni, akatoa pini moja moja akazichomeka kwenye kijimto, bila haraka.

"Umekuja kuniombea?" akauliza.

"Hapana, dada. Nimekuja kukuomba radhi."

Dada hakusema karibu, lakini aliondoa kitambaa kwenye kiti cha pili. Mama Nguzo akaketi. Njiani alikuwa amepanga maelezo marefu, jinsi kazi ilivyombana, jinsi watoto walivyokuwa na mitihani. Yote aliyaacha.

"Ulichosema siku ile ni kweli," akasema. "Nilikuwa naogopa chumba kile. Kutwa nzima nashika mashuka ya watu nisiowajua, sioni shida. La mama sikuweza kulishika. Nikaona nikiomba vizuri, itakuwa nimefanya kitu. Nikakuachia wewe kila kitu, halafu nikakukasirikia kwa kusema."

Dada alikanyaga cherehani, ikashona inchi chache za mshono, akaiachia. Akatazama nje dirishani.

"Alikuwa anakuulizia," akasema. "Namwambia mdogo wangu yuko kanisani, anakuombea. Anasema sawa, mwache aombe. Sijui alikuwa anamaanisha nini. Nimejiuliza mpaka nimechoka."

Kisha Mama Nguzo akaanza kulia, dada akamwacha alie, hakumbembeleza wala hakumfukuza. Baadaye aliinuka kwa kujishikilia meza, akaenda kuweka chai. Akirudi na vikombe alisema waziwazi kwamba yeye hana samahani ya kutoa papo kwa papo kama wanavyofanya kanisani, itabidi ije yenyewe. "Lakini chai ipo," akasema. "Na hilo pindo la gauni lako limefumuka. Livue nilishone."

Mama Nguzo alikunywa chai amejifunga khanga ya dada yake kiunoni, gauni lake liko chini ya sindano, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alijisikia mwepesi namna ile.

Kanisani mambo hayakwenda yote kama alivyotaka. Ijumaa iliyofuata aliwaambia akina mama kwamba ameomba kwa mdomo miaka mingi huku moyo umelala, na sasa anataka kuamka, hivyo awe mwombewa kwanza na uongozi wa maombi aliokuwa nao washike wengine kwa muda. Wengine waliguswa. Mweka hazina alikasirika waziwazi, akasema nguzo ikianza kutikisika hadharani, paa litawaangukia wote.

"Dada yangu," Mama Nguzo akamjibu, "kama paa hilo nilikuwa nalishikilia mimi, lingeshaanguka zamani."

Akajiandikisha darasa la wanaojiandaa kwa ubatizo, akae na mume wake. Mwalimu wa darasa, binti ambaye Mama Nguzo mwenyewe alimfundisha shule ya Jumapili, alipomwona anaingia alidhani amekuja kukagua. Siku ya kwanza aliulizwa neema ni nini, akatoa jibu la kitabu, kamili bila kukosea, na mwalimu akafurahi. Hapo Fundi akanyoosha mkono akauliza maana yake kwa mtu anayeamka Jumatatu kwenda kazini. Mwalimu akamtazama Mama Nguzo, Mama Nguzo akamtazama mwalimu, na kipindi chote kilichobaki kikaishia kwenye swali hilo. Ndicho kipindi alichokifurahia kuliko vyote.

Kazini alianza kupandisha mashuka wodini mwenyewe. Kulikuwa na wazee wasio na ndugu wa kuwaangalia, na wauguzi walikuwa wachache. Alimwomba muuguzi mkuu ruhusa, akaanza kwa kumfuta uso bibi mmoja aliyepooza upande mmoja. Siku ile alikikamua kitambaa vibaya, maji yakamwagika kifuani kwa mgonjwa, ikabidi ambadilishe gauni, na katika kumbadilisha akagundua amevuka kizingiti bila kujua. Siku zilizofuata ilikuwa rahisi zaidi. Hakuomba kwa sauti isipokuwa mgonjwa ametaka, na akitaka, sala yake ilikuwa fupi. Wakati mwingine ilikwama katikati, akaiacha ikwame mpaka lije neno la kweli.

Dada yake hakuja kanisani, wala Mama Nguzo hakumsukuma. Alikuja nyumbani, siku ya kazi mchana, na friji lake bovu juu ya gari la mizigo, akimwambia shemeji yake asimtoze kama anavyotoza watu wa mjini. Fundi alilitengeneza siku hiyohiyo. Wakiwa wanasubiri, ndugu wawili walibishana kuhusu jinsi mama yao alivyokuwa akipika, kuhusu nani alivunja birika la bibi, kuhusu kila kitu. Akiagana, dada alimshika mkono mdogo wake akauachilia taratibu. Alimwambia siku hizi anaongea kidogo, na kama anaumwa aseme mapema. Mwezi uliofuata goti lake lilipofanyiwa upasuaji, ni Mama Nguzo aliyekaa naye nyumbani, akamwosha, naye dada akamlalamikia kwamba maji ni ya baridi.

Mwaka huu walikuja wageni kutoka makanisa mengine, na mchungaji akawa anawatambulisha wazee wa ushirika mmoja mmoja. Alipofika kwa Mama Nguzo, akamwomba awaambie wageni amemfuata Bwana tangu lini. Akasimama, akafikiri kidogo.

"Tangu mwaka jana," akasema.

Watu walicheka, wakidhani anatania. Naye akacheka nao, akaketi, akamsogezea mume wake kitabu cha nyimbo.